Pembetatu Isiyofunga Kati ya Lushebere na Walikale

Lushebere, jioni, mvua inanyesha

Riziki mwanangu,

Umekwenda kuwaaga wanakwaya wenzako na umesema utarudi upesi. Nakujua. Upesi wako ni mpaka ziimbwe nyimbo zote na mmoja wenu alie. Kwa hiyo nina muda. Nimekaa kitandani kwako, karatasi nimeiweka juu ya mfuniko wa sufuria kwa sababu meza umeijaza mizigo, na ninakuandikia yale ambayo nikiyasema kwa mdomo nitalia, nawe ukiniona nalia utaanza kunidanganya ili ninyamaze.

Sitakwambia uchemshe maji. Sitakwambia habari za chandarua, wala za kufunga mlango, wala za wanaume. Hayo nimekuimbia mpaka siku hizi unayamalizia mwenyewe kabla sijafungua kinywa, tena kwa sauti yangu, na majirani wanacheka.

Naogopa, Riziki. Nianze na hilo lisije likajificha katikati ya maneno. Watu husema Mama Mwalimu ana roho ngumu kwa sababu ninapiga kelele darasani, lakini kelele zile ni za mwoga. Kile kiatu chako cha kushoto ulichokitafuta tangu Jumanne, ukamshuku mbwa wa jirani, mimi ndiye niliyekificha ndani ya gunia la maharagi. Niliona mtu hawezi kwenda Walikale na kiatu kimoja. Halafu nikakukuta umekaa unakaza sandali zako kwa kamba, tayari kwenda hivyo hivyo, nikaona aibu. Nikakirudisha chini ya kitanda nikakwambia hukuangalia vizuri. Mbwa hana kosa, na umwombe radhi kwa niaba yangu.

Sasa nije kwenye lile la jana.

Tulikuwa tunachambua maharagi, nikakuuliza jambo moja tu: mambo yakiharibika tutakutana wapi? Kwetu sisi wa milima hii swali hilo si uchuro. Kila nyumba ina mahali pake pa kukutania, kama ilivyo na shamba lake, na watoto hufundishwa jina la mahali hapo pamoja na jina la babu yao. Wewe ukajibu bila kuinua macho: "Kwa Nyabiondo, Mama. Pale njo katikati. Mimi natembea siku moja, weye siku moja, tunakutana kwa kanisa. Usiogope basi."

Nikasema sawa. Ukafurahi, ukaanza kuimba.

Haikuwa sawa. Leo asubuhi ulipokwenda mtoni nilijifunga kitenge nikaenda kwa Bahati, yule motari atakayekubeba kesho. Nilimkuta amepiga magoti kwenye matope anakaza mnyororo wa pikipiki yake. Nikamuuliza shule yako mpya ya Walikale iko mbali kiasi gani na Nyabiondo.

"Na hii moto yangu ao na miguu, Mama Mwalimu?"

"Na miguu."

Akacheka. Kisha akaona mimi sicheki. "Mama, na moto tutalala mu njia, na hivyo kama mvua inatuhurumia. Na miguu, sijue muntu mwenye alishafanya ile safari siku moja. Hata mbili. Ile barabara haipimwe na kilometa, inapimwa na matope."

"Na akiwa anakimbia?"

Hapo akaacha mnyororo, akafuta mikono kwenye suruali. "Mwenye kukimbia hapite mu barabara, Mama. Anapita mu pori. Na pori njo iko murefu zaidi."

Alikuwa na adabu, hakuniuliza kwa nini nauliza. Nilimshukuru nikarudi nyumbani polepole, goti langu likinikumbusha kila hatua kwamba hata hiyo siku yangu moja ya kutembea uliyonihesabia si siku nzima.

Unakwenda kuwafundisha watoto wa watu hesabu, basi tuzungumze kama walimu wawili. Chukua umbali ulio kati yako na mimi, ulaze chini. Huo ni upande wa kwanza. Kwenye ncha yako weka kijiti cha nguvu zako, yaani mahali pote unapoweza kufika kwa miguu kabla ya kuishiwa. Kwenye ncha yangu weka kijiti cha nguvu zangu. Vikiinamiana vikagusana, pembetatu imefunga, na pale juu vinapogusana ndipo tutakapokutana. Lakini vikijumlishwa viwili vikawa vifupi kuliko ule uliolala, basi uvizungushe utakavyo, uvisukume, uviombee, vitaanguka chini kila kimoja upande wake na katikati litabaki pengo. Nilivipanga leo asubuhi sakafuni. Pengo lenyewe ni kubwa, mwanangu. Lingeingia pembetatu nyingine nzima.

Nawe ulijua. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, na ndilo lililonifanya nicheke peke yangu kama mwendawazimu, kwa sababu nilikumbuka ulipokuwa darasani kwangu. Ilikuwa mwaka wa sita, hapa kambini Lushebere, chini ya turubai. Hatukuwa na rula, kwa hiyo nilimwambia kila mtoto alete vipande vitatu vya miti ya kuegemezea maharagi, virefu kwa vifupi kama alivyovipata, tuone vya nani vinafanya triangle na vya nani vinakataa. Vyako vilikataa. Kimoja kilikuwa kama fimbo na viwili kama vidole. Wenzako walinyoosha mkono wakasema, "Mwalimu, ya kwangu inakataa," wakapata alama zao, kwa maana jibu lilikuwa hilo hilo. Wewe ukainama chini ya dawati. Nilidhani unafunga kamba ya kiatu. Ulipoinuka ulikuwa na maganda ya mti mdomoni, na kile kirefu kilikuwa kimepungua nusu. Ukasema, "Mama Mwalimu, sasa inafunga!"

Ulikuwa umekitafuna, Riziki. Mtoto mzima umekitafuna kijiti cha maharagi kama panya ili mama yako afurahi.

Darasa lote lilicheka na mimi ningepaswa kucheka. Badala yake nilikupigia kelele mpaka mkuu wa shule akachungulia. Ulilia kwa kwikwi, na jioni hukunisalimu, na nadhani mpaka leo hujui kelele zile zilitoka wapi. Kosa lako lilikuwa dogo, lakini mimi siku ile niliona kitu kingine kabisa. Nilimwona papa yako.

Unakumbuka nyumba yetu ya Bihambwe. Ukutani, juu ya kiti chake, kulikuwa na karatasi niliyoichora mimi: Bihambwe pembe moja, Masisi centre nilikokuwa nikienda kusahihisha mitihani pembe ya pili, na Shasha, kwa shangazi yako, pembe ya tatu. Shasha ndipo palikuwa mahali petu. Mambo yakiharibika, kila mmoja atoke alipo ashuke ziwani. Nilichora vizuri sana. Pembe zote tatu nilizipima, jumla digrii mia na themanini, sikuacha hata moja nje. Papa yako, ambaye shule aliiacha mapema kwenda kulima, alikuwa akiwaonyesha wageni. "Mwalimu njo alipima," anasema, na kifua kimejaa.

Sasa sikiliza mwalimu huyo alikosea wapi. Pembe hazijui ukubwa. Pembetatu iliyo sawa na ukucha wako na pembetatu iliyoimeza Masisi nzima zinaweza kuwa na pembe zile zile. Mchoro wangu ulifunga kwa sababu niliuchora juu ya meza, ambako Shasha iko umbali wa kidole. Na pande zenyewe nilizipima kama tunavyopima sote huku kwetu, kwa mwendo wa soko. Mtu akikuuliza Shasha ni mbali gani unamwambia, "Ni mwendo wa soko tu." Mwendo wa soko ni mwendo wa jua, njia wazi, wanawake wanapiga soga, una maharagi kichwani na unajua jioni utarudi na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga. Kwa mwendo huo nilipima njia ya kukimbilia. Sikupima mvua. Sikupima njia iliyofungwa, wala kuogopa, na kuogopa, mwanangu, kunamaliza miguu kuliko mlima.

Siku ilipofika, nilikuwa Masisi na rundo la mitihani. Wewe na papa yako mlikuwa nyumbani. Alikubeba mabegani mpaka Shasha, hilo unalikumbuka mwenyewe. Kwenu upande ulitosha. Wangu haukutosha. Barabara ilikuwa imefungwa na watu wenye bunduki, nikazungukia milimani na wakimbizi wengine, nikateleza, nikavunja goti hili. Wasamaria wakanibeba nyuma mpaka Lushebere. Simu ilikuwa imezima na hapakuwa na pa kuichaji. Nikalala hapa kambini nikijua kwamba ninyi mko Shasha mnaningojea, na kwamba karatasi ile ukutani inasema nimeshafika.

Yaliyofuata niliambiwa na shangazi yako alipokuleta kwangu hapa kambini. Papa yako alingoja. Kila jioni alikuwa akitoka kusimama barabarani. Unakumbuka siku za soko alivyokuwa na desturi yake: mimi nikirudi na mzigo, yeye hakungoja nyumbani kama wanaume wengine. Alinishukia mpaka chini ya mlima wa mwisho akanipokea mzigo, na wanawake wenzangu wakanionea wivu. Basi asubuhi moja alivaa koti, akamwambia dada yake, "Mwalimu hakosee hesabu. Kama hayafika, njo iko karibu. Acha niende nimupokee mu njia."

Akapanda mlima kuja kunipokea. Hakurudi.

Mengine unayajua kama ninavyoyajua mimi, yaani hatujui kitu. Hakuna aliyeona. Kaburi hatuna. Kwa muda mrefu nililia kwamba nilikosea hesabu, na ni kweli nilikosea, lakini kadiri ninavyozeeka naona kosa hasa lilikuwa pale nilipofanya mpango unaoonekana umefunga na haujafunga. Kama ningemwambia, "Baba Riziki, nikikwama siwezi kufika, kaa na mtoto," angekaa. Alikuwa msikivu. Mimi nilimpa pengo nikalifunika kwa wino, na mtu anayekupenda akiona pengo kati yenu huingia mwenyewe kulijaza.

Sikuandikii haya uyabebe. Mzigo wako kesho ni mzito wa kutosha, nimeuinua, umeweka mawe? Nayaandika kwa sababu jana ulikiuma tena kijiti. "Nyabiondo njo katikati." Nyabiondo iko huku kwangu, Riziki. Ukitaka kunituliza usinitulize na jiografia, nimeifundisha.

Na nayaandika kwa sababu una miguu ya papa yako. Siogopi sana huko unakokwenda. Walikale kuna watu, kuna mashamba, kuna kanisa, kuna watoto waliokaa miaka na mwalimu wa hesabu hawajamwona, nawe ulipopata ile simu ya kuitwa kazini uliruka mpaka ukagonga kichwa kwenye turubai. Ninachoogopa ni siku utakayosikia kwamba Lushebere kumeharibika, na rezo ya simu hakuna, na mimi sipokei. Nakuona kabisa. Nakuona unafunga viatu. Nakuona unawaambia wenyeji wako, "Naenda kumupokea Mama mu njia." Nikifumba macho naiona, nikiyafumbua naiona, na hizi herufi zilizopinda si za mvua.

Nimejaribu kulitatua kama mtu mzima. Nilifikiri kuufupisha ule upande uliolala kwenye ncha yangu, nihamie huko mbele kidogo, nipunguze njia. Nikapiga hesabu, bado pengo liko, na darasa langu hapa ningeliacha kwa nani. Nikafikiri pia kuufupisha kwenye ncha yako, yaani nikwambie usiende. Hilo nimelifikiri kuliko yote. Nilijua jinsi ya kusema: ningekohoa kidogo, ningelishika goti, nawe ungefungua mizigo bila neno. Ungekaa. Lakini hapo na mimi ningekuwa nimeinama chini ya dawati nakitafuna kijiti, halafu nikuonyeshe maganda mdomoni niseme, tazama, sasa inafunga.

Tena ningekuweka wapi? Hapa? Nimeishi nikiamini ule msemo, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nimekuwa mwoga hodari, na kilio kilikuja kwangu vilevile, kilijua mlango. Sina mahali salama pa kukuficha, mwanangu. Ningekuwa napo usingeondoka, na nisingejali hesabu ya watoto wa mtu yeyote.

Kwa hiyo nitakwambia lile ambalo sikumwambia papa yako. Pembetatu hii haifungi. Hakuna mahali petu pa kukutania. Nyabiondo tuifute. Ukiulizwa na wenyeji wako mahali penu ni wapi, sema hatuna, usione haya.

Wenyeji wako ni watu wa msitu, na wewe ni mtoto wa milima ambaye akiona miti mingi pamoja anafikiri amepotea. Nilimcheka papa yako alivyoogopa msitu, na wewe pia umerithi. Jifunze kwao. Watakuwa na mila zao usizozijua, watakwambia leo hatupiti njia ile, na hawatakwambia kwa nini. Usiwaombe uthibitisho kama unavyoniomba mimi. Mtu aliyekulia mahali anapima kwa vitu ambavyo mwalimu hana. Tafuta mama mmoja wa kumwita Mama. Mimi nitaona wivu, lakini mtafute. Mwenzako wa jirani akikimbia, mkimbie pamoja. Kama wao wanaingia ndani zaidi, ingia ndani zaidi, hata kama kila hatua inakupeleka mbali nami.

Sisi husema mtoto mwema hampi mzazi wake mgongo. Nilikufundisha hivyo na nilikuchapa kwa ajili ya hivyo. Siku hiyo nipe mgongo, Riziki. Nimekuruhusu kwa maandishi, kwa jina langu, na mtu yeyote akikulaumu, awe shangazi, awe mchungaji, mwonyeshe mwandiko huu.

Nasikia nyimbo zimekwisha huko kanisani. Mnacheka sasa, kwa hiyo kulia mmeshamaliza. Nitaikunja karatasi hii niitie ndani ya kile kiatu cha kushoto, ili uikute kesho ukiwa unavaa na Bahati amekwisha washa pikipiki, usipate muda wa kubishana nami. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wangu niachie mimi, nimeuzoea.

Nikiwa na pumzi na njia ikiwa wazi, mimi ndiye nitakayekuja kwako. Nitakuja na goti hili hili. Wewe kaa ulipo, na watu ulio nao.

Nikichelewa, usije.

Mama yako